Ini Linaloelea na Mrija wa Kaka Nchagwa

Vijana mnaoshika kisu leo mna bahati ambayo hamuijui. Mna mizani, mna ndoano za chuma zinazong'aa, mna bwana afya anayekuja na muhuri wake wa wino. Nyama ikipigwa muhuri, mnaamini. Sawa, aminini. Mimi Muhiri nimechinja Nyanungu, nimechinja Tarime mjini, nimevuka mto Mara nikachinja hadi Mugumu, na ninawaambia bila haya: hakuna mtu wa rika langu katika nchi hii yetu aliyelijua ini la ng'ombe kama mimi. Mwenye kubisha ajitokeze. Magoti ndiyo yamenilazimisha kuacha kazi mapema, lakini vidole bado vinakumbuka.

Shule sikwenda sana. Niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililisoma nusu, kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi na mimi ndiye niliyekuwa na mbio. Nyumba yangu ya bati niliijenga kwa kisu. Watoto wangu wamesoma kwa kisu. Mke wangu nilimwoa kwa ng'ombe niliowapata kwa kisu, na hawakuwa wachache, muulizeni baba mkwe. Kwa hiyo mkinisikia najisifu, nivumilieni, nina cha kujisifia. Ila leo nimekaa kuandika ili nishukuru. Kama si watu fulani, miaka ile ya hamsini ningemzika kaka yangu mwenyewe kwa ajili ya kizibo kimoja cha dawa.

Wa kwanza kumshukuru ni mzee Machaba, aliyenifundisha kazi. Huyu alikuwa Mwikoma, mtu wa kabila jirani. Alikuja kwetu akimfuata binti wa Kikurya, akamwoa, akakaa. Kwao alikuwa mwindaji, na nadhani alikuwa amepasua nyumbu wengi kuliko ng'ombe waliopo Nyanungu yote. Alipoona huko porini mambo yanabadilika, akageukia kuchinja ng'ombe wa watu. Mimi nilijipeleka kwake kuosha utumbo, bila malipo, kwa sababu niliona wachinjaji hawalali njaa.

Siku ya kwanza aliponipa kisu nilipasua kifuko cha nyongo. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa harusi. Nyongo ikamwagika juu ya ini, kijani kibichi, watu wa harusi wamesimama pale wanatazama. Machaba hakunigombeza. Alikata kile kipande kilicholowa, akakichoma, akanipa.

"Kula, mura." Kwetu mura ni kijana, na tata ni baba.

"Tata, ni chungu!"

"Kula. Mdomo utaufundisha mkono."

Nilikula, machozi yakanitoka, wasichana wa harusi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini tangu siku hiyo sijapasua nyongo tena. Sikilizeni basi, hii ni ya bure: usikivute kifuko cha nyongo. Kishike shingoni kwa vidole viwili, kata kipande chembamba cha ini pamoja nacho, kisha kiinue. Ukibana matumizi ukaogopa kupoteza kipande chembamba, utapoteza ini zima.

Machaba ndiye aliyenifundisha kulipima ini. Wazee wetu wa Kikurya walikuwa wanasoma utumbo wa mnyama kabla watu hawajala, na mambo yao nayaheshimu. Machaba yeye alisoma ini, na hakusoma kujua vita au mvua. Alisoma kujua kama nyama italiwa. Alikuwa anaanza na ukingo. Ini zima lina ukingo mkali. Ukiukuta umekuwa mviringo kama kidole gumba, simama, usiendelee kukata kama mwehu. Halafu unabonyeza, unatazama kama shimo la kidole linabaki. Halafu rangi: likiwa limepauka kama udongo wa kusilibia nyumba, kuna neno. Kisha unalikata, na kisu kikitoka kinateleza kana kwamba umekata siagi, unakata kipande kidogo na kukitupa kwenye karai la maji. Ini zima huzama. Ini lililojaa mafuta huelea.

Mara ya kwanza kuliona likielea nilifurahi, nikadhani tumepata kitu kitamu.

"Tata, mafuta si ndiyo uzuri wa nyama?"

"Mafuta yana nyumba zake, mura. Yakae kwenye figo, yakae mgongoni, yakae kwenye utumbo. Ukiyakuta yamelala ndani ya ini namna hii, ujue yamekosa njia ya kutoka."

Nilihifadhi maneno hayo bila kuyaelewa. Ndivyo tulivyojifunza sisi: unahifadhi kwanza, kuelewa kunakuja na shida.

Sasa shida ilikuja hivi. Miaka ile ng'ombe wetu waliokuwa wanakunywa kwenye madimbwi walikuwa na minyoo ya ini, ile iliyo bapa kama jani dogo. Ninyi mnaijua, bado ipo. Ng'ombe anakonda, anavimba chini ya taya, ukipasua ini mishipa yake imekuwa migumu, kisu kinalia kama unakata mchanga. Zamani wazee waliwanywesha mizizi. Kisha zikaanza kuja dawa za chupa. Nyingine zililetwa na bwana ng'ombe wa serikali, na hizo zilikuwa na vipimo vyake. Nyingine zilikuja kwa watu wa kutembeza bidhaa kule mpakani Sirari, kwenye chupa zilizokuwa na vitu vingine kabla, hazina karatasi wala maelezo. Muuzaji anakuambia tu, "Hii ni kali, mzee." Na Mkurya ukimwambia kitu ni kali, umekwisha kukiuza.

Kaka yangu Nchagwa alinunua chupa moja ya namna hiyo. Nchagwa ni mkubwa wangu, tumezaliwa tumbo moja. Msimu ule mwanawe wa kwanza, Matiko, alikuwa anaingia tohara, na baba yeyote wa kwetu anajua maana yake: ng'ombe wa kuchinjwa, pombe ya wimbi vyungu kwa vyungu, rika lote la baba linakuja kukaa naye. Nchagwa akataka ng'ombe wake wanenepe kabla ya sherehe. Akawanywesha karibu wote dawa ile. Wale wa malishoni akawarudisha malishoni. Maksai wake wawili wa kulimia akawafunga nyumbani, karibu na jiko la mkewe Robi, awape chakula kizuri. Na chakula gani kizuri nyumba inayopika pombe ya sherehe? Machicha. Machicha ya pombe yalikuwa mengi, yametoka kwenye chujio yakiwa na ukali wake bado, na maksai waliyapenda sana. Walikula mpaka wanasinzia.

Maksai wa kwanza akafa, akafukiwa. Wa pili alipoanza kuyumba, Nchagwa akatuma niitwe nimwahi kwa kisu.

Nilikwenda na Machaba, maana alikuwa kwangu siku ile. Tulimkuta mnyama macho yake yamegeuka manjano. Tukachinja. Nilipompasua nilishangaa. Maksai alikuwa amekonda, figo zake hazina shahamu ya kutosha hata kupaka ngozi, lakini ini! Ini lilikuwa kubwa, limevimba, manjano, ukingo mviringo kama gumba. Kisu kilitoka kinateleza. Nikakata kipande nikakitupa kwenye karai. Kikaelea. Nikakizamisha kwa kidole, kikarudi juu.

"Mwili mzima mkavu, mafuta yote yako humu," nikasema.

Machaba alikuwa anatazama upande wa jiko. "Wale wa malishoni wakoje?"

"Hawali vizuri, lakini wanasimama," Nchagwa akasema. "Ni hawa wa nyumbani tu. Ni machicha ya huyu mwanamke! Sijui aliweka nini."

Robi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Shemeji yangu huyu hakuwa mtu wa kunyamaza. "Machicha yangu? Ng'ombe wangu wa maziwa anakula machicha yangu tangu nimeolewa hapa! Si huyo pale, anacheua? Umemnyima dawa yako kwa sababu ana mimba, na ndiye mzima kuliko wote. Uliza chupa yako!"

Na ni kweli. Ng'ombe wa Robi alikuwa amesimama pale, amekula machicha yale yale, anapiga mkia. Nikaona kitu ambacho msomi angehitaji kitabu kizima kukiona. Waliokula machicha bila dawa, wazima. Waliokunywa dawa bila machicha, wagonjwa kidogo. Waliopata vyote viwili, mmoja amekufa na wa pili tulikuwa tunamchuna ngozi. Nilijisifu pale pale kwa sauti, na Machaba akaniambia nifunge mdomo, nichimbe shimo.

Hapo ndipo tulipogombana. Nchagwa alitaka nyama ile iliwe kwenye sherehe. Mimi nikasema inafukiwa yote, pamoja na kichwa.

"Unafukia maksai mzima, Muhiri? Watu watasema nini?"

"Watasema Muhiri ni mwendawazimu. Lakini watasema wakiwa hai."

Tulifukia. Nawaambieni, kazi ngumu kuliko zote za mchinjaji ni kufukia nyama ambayo macho ya watu yameshaila.

Ilibidi nijue ile ni dawa gani. Nikaichukua chupa na kuipeleka kwa bwana ng'ombe wa kata yetu, jina lake Elia, mtu wa Ukerewe, mpole, mwenye baiskeli iliyokuwa inalia kila mahali isipokuwa kengele. Huyu ni wa pili kumshukuru. Elia alifungua kizibo, akanusa kwa mbali, akageuza uso.

"Tamu, eh? Harufu yake tamu. Lete maji."

Akadondosha dawa kwenye glasi ya maji. Haikuchanganyika. Ilishuka chini kama shanga, ikakaa huko.

"Hii naijua," akasema. "Kondoo tunampa kidogo sana, kwa kipimo, na tunamwangalia. Ng'ombe hawaivumilii. Inaua ini. Na ng'ombe aliyekula kitu chenye pombe, ndiyo kabisa. Zamani hata watu walipewa kwa ajili ya safura, lakini wakionywa kwanza wasionje pombe wala chakula cha mafuta. Walioonja, wengine hawakuamka."

"Watu walikunywa hiyo?"

"Walikunywa, kwa ajili ya minyoo ya tumbo. Kwa nini unauliza hivyo? Mbona umebadilika uso?"

Nilikuwa nimekumbuka jinsi Nchagwa alivyosimama pale zizini, ameshika tumbo, anatema mate kila mara, na alivyogeuza kichwa tulipopasua mnyama. Kaka yangu ambaye anaweza kula ini bichi! Nilirudi mbio, na magoti ya siku zile yalikuwa magoti.

"Kaka, ile dawa umeinywa?"

Akatazama pembeni. "Kizibo kimoja tu. Juzi. Tumbo lilikuwa linanisumbua, nikasema inayotoa mnyoo wa ng'ombe itashindwaje na wangu?"

"Na pombe?"

"Bado. Naanza kesho, na rika langu. Kesho si ndiyo siku?"

Nilikaa chini. Kesho yake Matiko alikuwa anatoka kwa ngariba, na baba yake alikuwa anatakiwa kukaa kwenye chungu kikubwa, mrija mkononi, kutoka asubuhi mpaka jua liende. Maksai wawili walikuwa shimoni kwa mchanganyiko huo huo.

Elia, aliyekuwa amenifuata, akatupa baiskeli yake, nikampandisha Nchagwa, tukamsukuma mpaka kwa tabibu wa zahanati. Tabibu alimwangalia macho, akambonyeza chini ya mbavu za kulia, Nchagwa akaruka. Akampa sukari ya unga ya kukoroga, akamwambia anywe uji na maji mengi, apumzike, asiguse nyama ya mafuta. "Na pombe," akasema, "ukinywa hata kibuyu kimoja wiki hizi, usinitafute mimi, mtafute mchimba kaburi. Lakini ukitulia, ini lina huruma. Likiumia sehemu, sehemu iliyobaki huota tena."

Ngoja niwaeleze hapa jambo nililolielewa miaka mingi baadaye, pale daktari kijana wa mifugo aliponieleza naye akakubali nimweleze mambo ya ukingo na karai. Alisema ini limejengwa na chembe ndogo ndogo, ziitwazo seli, nyingi kama punje za wimbi ghalani. Mafuta ya mwilini yanapita humo. Sasa mafuta hayawezi kusafiri peke yake kwenye damu, kama vile huwezi kubeba uji kwa viganja. Kwa hiyo kila seli inafuma vikapu vyake, inapakia mafuta humo, inayapeleka yanakotakiwa. Dawa ile ikiingia, seli inajaribu kuivunja ili kuitoa, maana kuvunja sumu ndiyo kazi ya ini. Lakini ile ni kama chupa: nzima haikukati, ukiivunja vigae vyake vinakata kila kitu. Vigae vinaharibu kwanza pale panapofumwa vikapu. Mafuta yanaendelea kuingia, vikapu hakuna, yanarundikana humo humo mpaka seli inavimba, na nyingine zinapasuka na kufa. Na pombe? Ile seli ndiyo mvunjaji, na pombe humzoeza kuvunja kwa kasi. Anavunja chupa nyingi kwa mara moja. Nikamwambia yule daktari, "Mzee Machaba alisema mafuta yamekosa njia." Akacheka, akasema, "Alisema kweli, mzee. Sisi tulitumia muda mrefu zaidi."

Turudi kwa Nchagwa. Tulipofika nyumbani nikamwambia kesho asikae kwenye chungu. Aseme anaumwa.

"Niseme naumwa nini?"

"Sema ukweli. Ulikunywa dawa ya ng'ombe."

Alinitazama kama nimemtukana mama yetu, ambaye ni wa wote wawili. "Muhiri, una akili? Nikisema nimekunywa dawa ya maksai, rika langu lote litaniita Maksai mpaka kaburini! Mwanangu anaitwa mtu mzima kesho, na baba yake anaitwa Maksai!"

Kwa wasiojua, maksai ni ng'ombe aliyehasiwa. Nilimwelewa. "Basi sema tumbo."

"Baba wa kijana aliyekatwa hakosi kwenye chungu kwa ajili ya tumbo. Watasema mtoto alilia chini ya kisu, nimejificha kwa aibu. Nitakaa. Nitashika mrija. Sinywi."

"Utashika mrija, uache kuvuta, na wenzako wanakutazama mashavu?"

Jibu nilikuwa nalo mimi, na naomba mnipe sifa yangu hapa. Nilichukua mrija wake mrefu wa tete, ule wenye kichujio kidogo mwishoni, nikachukua shahamu ngumu ya figo ya mbuzi, nikaisukuma ndani kwa njiti mpaka ikaziba kabisa. Nikampa avute. Akavuta mpaka macho yakamtoka, haikuja hata hewa.

"Mashavu yanaingia?" akauliza.

"Yanaingia vizuri kuliko ya mlevi."

Robi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikamwonya jambo moja: pombe yetu hunywewa ya vuguvugu na ikipoa huongezwa maji ya moto, lakini kwenye chungu cha Nchagwa yasiongezwe, maana shahamu itayeyuka. Akaniahidi.

Kesho yake Matiko akatoka kwa ngariba bila kupepesa jicho, nyimbo zikasikika kilima kizima. Nchagwa alikaa na rika lake kuzunguka chungu, mirija yote ndani, naye akavuta kwa bidii kiasi kwamba mwenzake mmoja akamwambia, "Taratibu, Nchagwa, utuachie!" Mimi nilisimama nyuma nachoma nyama, roho yangu imetulia. Nilijisemea, Muhiri, wewe ni mtu.

Kisha vijana wakafika langoni na Matiko, Robi akakimbia kuwapokea kwa vigelegele kama mama yeyote. Na mmoja wa rika akaita, "Chungu kinapoa! Nani yupo jikoni?" Jirani yetu, mama mwema asiyejua lolote, akaja na birika kubwa la maji yanayochemka, akayamwaga yote chunguni.

Nilianza kwenda, lakini ungefanyaje? Usimame katikati ya wazee umnyang'anye kaka yako mrija? Nchagwa alikuwa anavuta mashavu yake kama kawaida, na mara nikaona yamejaa. Yamejaa kweli. Shahamu imeyeyuka, pombe ya moto imeingia kinywani. Akanitazama. Macho yake yalikuwa na umanjano ambao wengine walidhani ni moshi. Kutema pombe ya rika lako chini ni matusi ambayo watu wamewahi kupigania kwa panga. Kuimeza, tulikuwa tumeona shimoni inavyokuwa. Nikatikisa kichwa.

Nchagwa akasimama. Mashavu yamevimba, haongei, anatembea moja kwa moja kwa mwanawe. Watu wakampisha. Akafika mbele ya Matiko, akampulizia pombe yote kifuani, pwaaa! Kwetu hiyo ni baraka. Mzee hupuliza pombe kwa mtu anayemtakia uzima. Vigelegele vikapasua hewa. Matiko, maskini, aliloa mpaka kitovuni, akasimama wima kama askari.

Nchagwa akarudi kwenye kigoda chake, watu wanamtazama, akashika mrija. Kinywa kikajaa tena, maana mrija sasa ulikuwa wazi kama bomba. Akainuka, akambariki Robi. Akarudi. Akainuka, akabariki mlango wa nyumba. Akabariki zizi. Mwenzake mmoja akasema, "Huyu leo ana nini? Mbona anabariki hata kuku?"

"Furaha!" Nchagwa akasema, anahema. "Furaha imenizidi, ndugu zangu!" Kisha akaja kwangu nilipokuwa nachoma nyama, akanibariki mimi usoni. Huku ananifuta kwa kiganja akaninong'oneza, "Muhiri, nimechoka. Nikirudi tena, nitameza."

Na angemeza. Nilimjua. Harufu ya pombe ya mkewe, iliyopikwa kwa ajili ya siku yake mwenyewe, ilikuwa imemjaa puani.

Hapo ndipo mzee Machaba aliponyanyuka kutoka upande wa wageni. Hakuna aliyemwambia neno lolote. Alikuwa amelitazama lile ini pamoja nami, amenisikia nikimwonya Robi jikoni, na jicho lake lilikuwa jicho la mwindaji. Aliinua fimbo.

"Wakurya, nisikilizeni mgeni wenu. Sisi kwetu Ikoma, baba aliyebariki mpaka zizi amemaliza. Kinywa chake kimetoa baraka yote. Akirudi kunywa siku hiyo, anainywa baraka ya mtoto, inarudi tumboni kwake, mtoto anabaki mtupu. Mimi nimesema. Mkitaka, mrudisheni kwenye mrija."

Mzee wa rika akakuna kidevu. "Waikoma mna mambo."

"Tunayo," Machaba akajibu.

"Lakini mtoto asibaki mtupu. Nchagwa, weka mrija. Lete uji huyu mtu anywe, amechoka kubariki."

Robi akaleta uji wa sukari mbio kuliko nilivyowahi kumwona akikimbia. Nchagwa akaunywa mbele ya rika lake lote, kwa heshima, bibi mmoja akimpepea.

Baadaye nilimuuliza Machaba, "Tata, mila hiyo ya kwenu sijaisikia."

"Hata mimi," akasema.

Nchagwa alilala ndani wiki kadhaa. Alikuwa manjano kama boga, mkojo wake kama chai, hakutaka harufu ya nyama, na tulidhani mara kadhaa anatuacha. Kisha siku moja akaitisha ugali na maziwa ya mgando, akamgombeza Robi kwa chumvi. Robi akatoka nje kulia kwa furaha. Elia alikuja na baiskeli yake inayolia, Machaba akaja na fimbo yake, tukakaa pale tunamtazama mtu anakula. Wote wawili wametangulia mbele ya haki sasa. Sikuwalipa chochote. Hawakudai chochote. Ndiyo maana nawaandika hapa, ili ninyi mnaojifunza kazi mjue ufundi wangu ulikuwa na wenyewe.

Na dawa ya mnyama, vijana, ibaki ya mnyama, kwa kipimo cha anayejua, kwenye chupa yenye jina lake. Mkikuta ini linaelea, msile, na msiishie hapo. Ulizeni mnyama alinyweshwa nini, na nani mwingine amekunywa.

Msimu uliopita mimi na Nchagwa tulialikwa kwenye tohara, upande wa pili wa kilima chetu. Tukaona baba wa kijana amejaza pombe kinywani, akampulizia mwanawe, akampulizia mkewe, akaenda mpaka zizini. Aliporudi akauweka mrija wake chini, akaletewa uji. Nikamuuliza kijana aliyekaa karibu nasi kwa nini baba huyo hanywi tena.

"Akinywa ataimeza baraka ya mtoto, tata. Ni mila yetu ya zamani sana. Kwani ninyi wazee hamkuikuta?"

Nilitaka kumweleza, lakini Nchagwa akanitangulia, akamshika kijana bega.

"Tuliikuta," akasema. "Tena nilikuwa na kiu siku ile."